Punda wa Baba na Tela la Kumhamishia

Baba alikubali kuhama Mtinko kwa sharti moja: punda wake aje naye.

Siku hiyo tulikuwa tumekaa uani kwake, yeye kwenye kiti cha kamba, mimi kwenye kigoda kilichokuwa cha mama. Macho yake yalikuwa yanafifia. Yalianza kumkatalia jioni, baadaye yakamkatalia hata mchana, na wiki ile alikuwa amejimwagia chai ya moto mguuni kwa kudhani meza ipo mahali ambapo haikuwepo. Mama alikuwa ametutoka miaka miwili nyuma. Ndugu zangu wote wanaishi mbali, na mimi niliyeolewa Iguguno ndiye niliyekuwa karibu. Nilikuwa nimekwenda kumwomba aje akae kwangu.

"Nyumba nitaifunga," alisema. "Shamba atalima mdogo wangu. Kuku wagawie majirani. Lakini huyu simwachi."

Punda mwenyewe alikuwa amesimama kando ya ukuta akijikinga na upepo. Alikuwa jike la kijivu, limezeeka, ncha ya sikio moja imekatika.

"Tutamtafutia lori, baba. Malori yanayotoka mnadani hupakia punda kila wiki."

"Humpakiaje?"

Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Hufungwa miguu yote minne, akainuliwa na wanaume wanne watano, akalazwa ubavu juu ya mbao mpaka mwisho wa safari.

"Nimekuuliza, mama."

Baba huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Hufungwa miguu," nikasema.

"Basi," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ili nisionekane nasimulia ukaidi wa mzee, niseme kwa nini sikubishana naye. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, mama hakuweza kutembea. Kila wiki ilibidi afike zahanati, na aliyempeleka ni huyo punda, akikokota mkokoteni ambao baba aliutandikia godoro. Baba alitangulia ameshika kamba, mama amelala nyuma amejifunika khanga usoni kwa ajili ya vumbi. Baba husema punda alijifunza kusimama kila mama alipoguna, kwa sababu maumivu yalizidi penye mashimo. Sina hakika kama mnyama hujifunza jambo kama hilo. Ninachojua ni kwamba niliwasindikiza mara moja, mama akaguna, na punda akasimama kabla baba hajasema neno.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alimaliza kula, akanawa, akasema, "Pikapu tunayo. Tafuta tela."

Pikapu yetu ni ya kizamani, tunabebea alizeti kwenda kukamua. Ingeweza kuvuta tela, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuvuta kitu chochote na gari, na mume wangu huwa anaumwa mgongo, haendeshi mbali. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu tangu mwanzo.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa kuchomelea huko Singida mjini, mtu mzima mwenye makovu madogo meupe ya cheche mikononi, ambaye hutengeneza mikokoteni na matela. Nilimsalimu, nikamwambia nataka tela la kubebea punda. Wateja wawili waliokuwa pale wakacheka. Fundi hakucheka. Alizima mashine yake, akavua miwani.

"Ana uzito gani huyo punda?"

Sikujua.

"Gari gani itavuta?"

Nikamwambia.

"Barabara gani?"

"Vumbi kutoka Mtinko mpaka tuishike lami, kisha lami mpaka Iguguno."

Akaitikia kwa kichwa, akionekana kuridhika. "Watu wengi wakija hapa huuliza rangi," alisema. "Twende, kuna moja linauzwa huko pembeni ya mji."

Tela lile lilikuwa zuri. Lilipakwa buluu mpya, lina paa la turubai na mlango wa nyuma wenye komeo linalong'aa. Nilikuwa tayari nimeshalipenda. Mwenye nalo alikuwa akitusifia matairi wakati fundi alipopanda ndani na kuchuchumaa. Alitoa bisibisi mfukoni, akaichomeka kwenye mbao za sakafu, karibu na kona. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akaichomeka pengine, ikazama tena.

"Rangi ni mpya, mbao zimeoza," aliniambia tulipokuwa tunaondoka. "Punda ana kwato ndogo na uzito wake wote uko juu ya kwato hizo. Angetoboa katikati ya safari, mguu ukashuka barabarani huku wewe unaendelea kuendesha. Usingejua mpaka umefika."

Nilikuwa nawaza kwamba ningelinunua.

Tela la pili lilikuwa refu kwenda juu. Fundi alisema kitu kirefu chenye magurudumu mawili na mnyama aliyesimama ndani kitapinduliwa na upepo wetu huu wa Singida, acha mbali kona. La tatu lilikuwa baya kwa sura: tela la kubebea magunia, halina paa, pembeni lina kimo cha goti tu. Lakini lilikaa chini, karibu na ardhi. Fundi alilala mgongoni kwenye vumbi, akagonga na nyundo ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, akisikiliza mlio, akapapasa springi moja moja, akatazama matairi ndani na nje.

"Hili," alisema kutoka uvunguni. "Yanayokosekana nitayaongeza. Yale mengine yalikosa vitu ambavyo mtu haongezi."

Alilifanyia kazi siku nyingi, nami nilipita kila nilipopata safari ya mjini. Aliinua pembeni kwa mabomba mpaka usawa wa shingo ya punda, akaacha nafasi za hewa, akazungusha raba mahali popote ambapo chuma kingeweza kuchubua ngozi. Sakafuni aliweka mbao mpya ngumu na juu yake akatandaza mpira mzito wenye mistari, ili kwato zisiteleze kwa mkojo. Mlango wa nyuma ulishuka na kuwa daraja la kupandia, na juu ya daraja akapigilia vipande vya mbao vya kukanyagia. Akaunganisha taa za nyuma na zile za gari. Mwisho aliniita nione minyororo miwili iliyopita chini ya kiungio cha tela na gari, mmoja kutoka kushoto kwenda kulia na mwingine kutoka kulia kwenda kushoto.

"Kiungio kikichomoka, na siku moja kinaweza, bomba hili la kuvutia litaangukia hapa kwenye minyororo, halitachoma ardhi. Ndiyo maana imepishana kama mikono ya mtu anayembeba mtoto." Alikunja mikono kunionyesha.

Alinifundisha pia kuendesha. Tulikwenda kwenye uwanja wa mnada siku usipokuwa na mnada, tukapakia magunia ya mchanga mahali ambapo punda angesimama. Nilijifunza kufunga breki mapema, kuchukua kona kwa upana, na kurudi nyuma nikizungusha usukani kinyume na ninavyotaka tela liende. Hilo la kurudi nyuma lilinitoa machozi. Fundi alikaa kwenye jiwe akiniangalia, na kila nilipokunja tela vibaya alisema kwa upole ule ule, "Nenda mbele, dada, linyooshe, uanze tena."

Jambo moja alilirudia mara nyingi kuliko mengine. "Mzigo ukae mbele ya ekseli kidogo. Ukizidi nyuma, tela litaanza kuyumba ukienda kasi. Likiyumba, usikanyage breki kwa hofu. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, uache lipungue lenyewe."

Nilipeleka tela Mtinko kwa baba siku kumi kabla ya kuhama. Nililitoa kwenye gari, nikaegemeza bomba la mbele kwenye gogo, nikaweka kigogo kingine chini ya sehemu ya nyuma na mawe mbele na nyuma ya magurudumu, lisitikisike kabisa. Kisha nikashusha daraja na kuweka pumba ndani, mbele kabisa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya baba.

Alinisimulia kwa simu kila jioni. Siku ya kwanza punda hakulisogelea. Siku ya pili alinusa daraja. Siku ya nne aliweka miguu ya mbele juu, akala pumba iliyomwagika, akashuka. Baba alikaa ndani ya tela, kwenye sakafu, akizungumza naye Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani. Sijui alimwambia nini siku zote hizo. Siku ya saba alinipigia asubuhi badala ya jioni.

"Ameingia," alisema. "Peke yake. Amekula, amegeuza kichwa ananiangalia." Kisha akaongeza, "Mama yako angecheka."

Siku ya safari nilifika mapema. Tayari punda alikuwa ndani, mbele kuna majani makavu, nyuma pia kuna lundo la majani, na vitu vya baba vimefungwa vizuri: sanduku, godoro, sufuria mbili, redio. Majirani walikuwa wamejaa uani. Tuliwasalimu wazee, tukaombewa dua na mzee mmoja Mwislamu na sala na mama mmoja wa kanisani, na baba akashika mkono wa kila mtu kwa muda mrefu, akiwatambua kwa sauti.

Nililiunganisha tela na pikapu, nikatoa magogo na mawe, kisha nikalizunguka kama nilivyofundishwa. Nilipima upepo wa matairi, nikavuta minyororo, nikajaribu taa, nikahakikisha kamba ya punda imefungwa kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Niliona kwamba nyuma ya pikapu haikushuka kama siku ile ya mchanga. Nikadhani punda ni mwepesi kuliko magunia yangu. Sikuwaza zaidi.

Baba alitaka kupanda kwenye tela.

"Hapana, baba. Mtu hapandi na mnyama. Akishtuka atakubana."

"Huyu hanibani."

"Hatakusudia."

Alisimama pale na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona baba yangu akinitii bila kukubali. Aliingia kwenye pikapu, akafunga mlango mwenyewe, akageuza uso dirishani. Kwenye vumbi hatukuzungumza. Nilikwenda polepole kiasi kwamba baiskeli zilitupita. Kila baada ya muda nilisimama, nikashuka, nikagusa matairi kama yamechemka, nikampa punda maji kwenye ndoo. Kila niliporudi baba aliuliza swali moja tu, "Masikio yamekaaje?" nami nikimwambia yako wima, alilegeza mabega kidogo.

Tulipoishika lami nilifurahi. Barabara ilikuwa laini, mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa yamebaki mabua pande zote, mawe makubwa yamesimama kama nyumba. Nikaongeza mwendo. Si sana, lakini niliongeza. Kwenye mteremko mmoja basi likatupita kwa kasi, upepo wake ukatusukuma, na hapo nikahisi usukani unakuwa mwepesi mikononi mwangu. Kwenye kioo niliona tela linakwenda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi.

"Nini?" baba aliuliza.

Mguu wangu ulitaka breki. Ulikuwa tayari umenyanyuka kuifuata. Sijui niliuzuia vipi. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaangalia mbele tu, na nikasikia nyuma kwato zikitafuta mahali pa kusimama, ko, ko, ko. Baba naye alizisikia. Aliweka mkono wake gotini kwangu, hakuubana, aliuweka tu. Tela likayumba mara tatu, mara nne, kisha likapungua, kisha likanyooka. Nikasogea pembeni na kusimama, nikaweka mawe kwenye magurudumu.

Punda alikuwa mzima. Alikuwa amejibana kwenye ubavu wa tela, macho makubwa, jasho shingoni. Baba alishuka, akapapasa mpaka akampata, akaweka paji la uso wake kwenye shingo ile na kuanza maneno yake.

Nilizunguka tena tela zima, sasa kwa makini. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo nikatia mkono kwenye lile lundo la majani ya nyuma, karibu na mlango, na vidole vyangu vikagonga kitu baridi.

Lilikuwa jiwe la kusagia la mama. Jiwe lote la chini, lile zito ambalo ukiliinua peke yako unajitafutia maradhi, limechimbika katikati kwa miaka ya uwele na mtama. Na la juu, la mkononi, limefungwa kwenye khanga. Na kando yake magunia mawili ya uwele.

"Baba."

Hakugeuka.

"Baba, nani aliweka hili jiwe?"

"Mimi na jirani," alisema kwa sauti ndogo. "Jana jioni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema tuchukue vya lazima. Una mashine ya kusaga pale kwenu, na umeme. Ningekuambia nini? Kwamba nataka jiwe?" Alimpapasa punda. "Nilijua ungesema hapana, na ungekuwa na haki."

Nilikuwa na maneno mengi makali, na yote yalikuwa ya kweli. Tungeweza kupinduka. Badala yake nikaona mikono yake ilivyong'ang'ania shingo ya punda, na nikaelewa kwamba alikuwa anajua tayari. Hakuwa na haja ya kuambiwa na mtu.

"Nisingesema hapana," nikamwambia. "Ningeliweka mbele."

Aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono uliojaa vumbi, akabaki na mstari shavuni.

Wanaume wawili waliokuwa wakipita na pikipiki walisimama, wakatusalimu, wakamwamkia mzee. Tulisaidiana kubeba jiwe mpaka kwenye bodi ya pikapu, karibu kabisa na kioo cha nyuma, pamoja na yale magunia. Mmoja wao aliuliza kama tunahamisha jiwe kwa punda au punda kwa jiwe. Baba akacheka, cheko fupi la mtu aliyelia sasa hivi. Niliangalia nyuma ya pikapu ikishuka mahali pake, bomba la tela likakaa usawa, na nikajiona mjinga kwa kutouliza asubuhi.

Tulimsubiri punda mpaka akala. Fundi alikuwa ameniambia kwamba mnyama anayekula ameshakusamehe. Alipoanza kutafuna tukaondoka.

Safari iliyobaki nilikwenda taratibu, na baba alizungumza njia nzima. Alinieleza jinsi mama alivyolipata jiwe lile. Aliliona kando ya kijito, bado msichana aliyeolewa juzi, akakataa kuondoka mpaka baba arudi na mkokoteni wa kukopa. Watu waliwacheka. Kijiji kizima kina mawe, walisema, na ninyi mnasafirisha jiwe. Mama aliwajibu kwamba hayo mengine si mawe, ni miamba. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa na nilikuwa sijui jiwe nililokulia uji wake lilitoka wapi.

Mume wangu alikuwa ametutengenezea zizi na lilikuwa na kivuli. Alimwamkia baba, akashusha daraja la tela. Punda hakutaka kushuka. Mume wangu akataka kumvuta, baba akamzuia kwa mkono.

"Hajui bado kama ni hapa," alisema.

Akakaa chini kwenye ncha ya daraja na kusubiri. Tulishusha sanduku, tukashusha godoro, tukapika ugali na mlenda, tukamletea chakula palepale. Alikuwa bado anakula wakati punda aliposhuka nyumanyuma, mguu kwa mguu, akasimama nyuma yake akinusa kofia.

Wiki za kwanza hazikuwa nyepesi. Baba alijigonga kwenye milango, akaudhika na redio, akakaa kimya siku nzima. Punda alilia alfajiri mpaka majirani wakauliza kama ana njaa. Asubuhi moja nilimkuta baba amesimama getini na madumu mawili ya maji yamefungwa mgongoni kwa punda.

"Nionyeshe njia ya kisimani," alisema.

Nilimshika mkono tukaenda na kurudi, nikimtajia kila kitu: hapa kuna mtaro, hapa uzio wa miiba, hapa kwa mama fulani, msalimie, anauza nyanya. Kesho yake tukaenda tena. Siku ya tatu aliutoa mkono wake kwenye wangu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Leo tutakwenda sisi wawili," alisema.

Alimwekea punda mkono mgongoni, akasema neno moja la Kinyaturu, wakatoka. Nilisikia mama wa nyanya akimwamkia kwa Kinyiramba, lugha ya huku kwetu Iguguno, na baba akimjibu kwa Kiswahili kwamba polepole watazoea, yeye na mnyama wake. Nilisimama getini mpaka walipopita uzio wa miiba, kisha nikarudi ndani kuosha vyombo.